Laxton: kijiji cha Uingereza kinacholima kwa ngwe hadi leo

Nimerudi Morogoro, na simulizi hii nimeiunga kutoka kwenye daftari na picha za simu. Wengi waliosikia nimekwenda Uingereza wameniuliza habari za London. London nilipita tu. Safari yenyewe ilikuwa ya kumtembelea dada yangu, muuguzi anayeishi Nottingham, na hitaji langu la pili lilikuwa kijiji kiitwacho Laxton, kaskazini mwa mji huo.

Kazi yangu ni kusaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi. Nimekaa mara nyingi chini ya miembe nikisikiliza ndugu wawili wakigombania hatua mbili za shamba, na mafaili ya kesi zao nimeyaona yakizeeka kuliko wenyewe. Niliposoma kwamba kipo kijiji ambako wakulima hukagua mipaka yao wenyewe kila mwaka, kwa utaratibu uliotoka zama za kati, niliazimia kwenda kuuona kwa macho. Ukaguzi hufanyika mwishoni mwa Novemba na baraza hukaa wiki inayofuata, kwa hiyo tarehe za likizo nilizipanga kufuata kalenda ya Laxton. Niliandika barua mapema kuomba ruhusa ya kuhudhuria, na jibu lilikuja la ukarimu: karibu, lete viatu vya matope.

JUMANNE: Nottingham hadi Newark

Treni niliyokusudia ilifutwa dakika chache kabla ya kuondoka, na iliyofuata ikachelewa. Kwenye baraza la kituo palikuwa na baridi inayopenya mpaka kwenye mifupa. Mama mmoja wa makamo, aliyeketi na mumewe, aliona navyofikicha mikono akanyanyuka bila neno, akarudi na vikombe vitatu vya chai. Nilipotaka kulipa alikataa. Aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia Laxton. Akamgeukia mumewe, "Huyu anakwenda kwenye mashamba ya zamani!" Mumewe alikuwa amewahi kupelekwa huko na shule akiwa mtoto, na tulipopanda treni alinieleza yote aliyoyakumbuka.

Newark ni mji mdogo wenye uwanja wa soko uliozungukwa na majengo ya zamani, na magofu ya ngome kando ya mto Trent. Katika ngome hiyo ndipo Mfalme John alipofia, Oktoba 1216. Niliitazama dakika chache kutoka darajani, mvua ikanifukuza. Chumba cha kulala kilikuwa pauni 58 bila chakula. Supu ya mboga na mkate, pauni 6 na nusu. Pauni moja wakati huo ilikuwa shilingi zetu elfu tatu na ushee, fanyeni hesabu wenyewe.

JUMATANO: Newark hadi Laxton

Kwa atakayenifuata: Newark ina vituo viwili vya treni. Treni za kutoka London King's Cross hushusha Newark North Gate, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Za kutoka Nottingham hushusha Newark Castle. Kutoka hapo hadi Laxton ni kama kilomita 18, na mabasi ya kuingia kijijini ni ya kubahatisha. Ama panda basi mpaka Ollerton au Tuxford kisha utafute teksi, ama kodi teksi moja kwa moja kutoka Newark. Mimi nililipa pauni 38. Mkikusanyika watu watatu au wanne si mzigo.

Dereva wangu alizaliwa Mirpur, Kashmir, akaletwa Uingereza akiwa mdogo. Baba yake alikuwa mkulima. Tulipokaribia kijiji alipunguza mwendo, akasimama mahali palipoinuka, akasema shuka utazame. Pande zote tulizopita tangu Newark mashamba yalikuwa yamekatwa vipande vipande na nyua za miti ya miiba, kila kipande na geti lake. Pale mbele ua ulikoma. Ardhi ilifunguka wazi kama mkeka uliokunjuliwa, hakuna geti wala seng'enge, ila mistari mirefu iliyobadilika rangi: kijani cha ngano changa, kahawia, kijani tena. Kila mstari una mkulima wake. Alinisubiri nikapiga picha, na muda ule hakuuhesabu kwenye nauli.

Nilipanga kwenye nyumba ya mkulima, pauni 70 pamoja na kifungua kinywa. Na hapo hapo unaona jambo la kwanza linaloitofautisha Laxton. Sehemu nyingi za Uingereza mkulima anaishi peke yake katikati ya shamba lake. Laxton nyumba za wakulima zimepangana kando ya barabara ya kijiji, za matofali mekundu na vigae vyekundu, nyingine zimeelekeza ubavu barabarani, ghala na zizi vikiwa uani. Mashamba yako nje ya kijiji. Asubuhi unatoka nyumbani unakwenda shamba, jioni unarudi kwa majirani. Mtu wa kwetu haelezwi mara mbili.

Karibu na baa ya kijiji, Dovecote Inn, kuna chumba cha maonyesho, na humo nilimaliza mchana mzima. Kinachovuta macho ni nakala ya ramani ya mwaka 1635. Mpimaji aitwaye Mark Pierce aliichora kwa ajili ya Sir William Courten, aliyekuwa amelinunua eneo hilo, na ramani yenyewe inatunzwa maktaba ya Bodleian, Oxford. Kila ngwe imechorwa, na kwenye kitabu kilichoambatana nayo imeandikwa ni ya nani na ina ukubwa gani. Pierce hakuishia kwenye mistari. Alichora na watu: mmoja anaongoza plau, wengine wanavuna, wengine wanawinda na mbwa. Nimefanya kazi na ramani za kila aina, za satelaiti na za droni, na hiyo ndiyo ramani ya kwanza niliyoona mpimaji amekumbuka kwamba kwenye ardhi kuna watu wanaofanya kazi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kijiji kina mashamba makubwa matatu, West Field, Mill Field na South Field, jumla yake karibu hekta 200. Kila shamba limegawanywa ngwe, na kila mkulima ana ngwe katika mashamba yote matatu, ili asiwepo aliyerundikiwa udongo mbaya peke yake. Mwaka wa kwanza shamba hupandwa ngano ya majira ya baridi, mwaka wa pili zao la kupandwa majira ya kuchipua, mwaka wa tatu hupumzishwa. Mashamba matatu yanapokezana, kwa hiyo kila mwaka mojawapo liko kwenye ngano, jingine kwenye zao la pili, la tatu limelala. Huwezi kuamua peke yako kwamba mwaka huu utapanda upendacho. Zamani mifugo ya kijiji kizima iliachiwa kwenye shamba lililopumzika, ikala na kulirutubisha.

Sehemu kubwa ya Uingereza ya kati iliwahi kulimwa hivyo. Kisha Bunge likapitisha sheria kwa maelfu, nyingi kati ya 1750 na 1850, za kuunganisha ngwe na kuzizungushia ua. Mwenye ngwe nyingi zilizotawanyika alipewa kipande kimoja chenye hati. Yule ambaye haki yake ilikuwa kuchunga ng'ombe mmoja na kuokota kuni kwenye ardhi ya wote mara nyingi aliambulia patupu, akawa kibarua au akahamia mjini. Nyua zote nilizoziona njiani, ambazo watalii huzipiga picha kwa uzuri wake, ni mipaka ya sheria hizo. Tangu nilijue hilo sikuweza tena kuzitazama kwa jicho lile lile.

Laxton ilinusurika kwa sababu isiyo ya kishujaa: makabaila wawili waliomiliki ardhi pale, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, hawakupatana. Kufunga mashamba kulihitaji wabadilishane vipande, na mabadilishano hayakufika mwisho. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe nyembamba ziliunganishwa zikawa pana kidogo, lakini mashamba yakabaki wazi. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuza ardhi kwa Wizara ya Kilimo, ambayo ilikubali kuutunza utaratibu. Mwaka 1981 ikahamia kwa Crown Estate, shirika linalosimamia mali za ufalme, na mwaka 2020 ikauzwa kwa Thoresby, milki ya ukoo wa Earl Manvers, yaani ikarudi kwenye milki ile ile iliyoiuza mwaka 1952. Wamiliki wamebadilika, wakulima wameendelea kulima.

Jua lilizama kabla ya saa kumi jioni. Anayekwenda Novemba apange kutembea asubuhi, jioni haipo.

ALHAMISI: Siku ya ukaguzi

Mwenye nyumba aliniazima gambuti za mumewe na soksi mbili nene. Kifungua kinywa kilikuwa mayai, soseji, uyoga na maharage ya mchuzi wa nyanya. Nilimwomba aondoe soseji ya nguruwe, akaniongezea yai.

Saa nne hivi wakaguzi walikuwa wamekusanyika. Ni watu kumi na wawili pamoja na kiongozi wao, wote wa hapo hapo, na waliapishwa kwenye baraza la mwaka uliotangulia. Wakapanda trela lililovutwa na trekta, na wakaniinua nami nikapanda. Upepo ulikuwa unatoka upande ambao, waliniambia, hakuna kilima cha kuuzuia mpaka baharini. Tukaelekea kwenye shamba la ngano, kwa maana ukaguzi hufanyika kwenye shamba ambalo limetoka kupandwa.

Wanachokitafuta ni kimoja: nani amevuka mpaka. Amelima kwenye ngwe ya jirani? Ameingiza plau kwenye njia ya nyasi ambayo wote wanaipita? Amejaza udongo kwenye mtaro? Mmoja anasimama kwenye kigingi cha upande huu, mwingine upande wa pili, wa tatu anatazama kwa jicho kama mstari umenyooka. Kigingi kilichopotea kinapigiliwa kipya kwa nyundo, papo hapo. Hakuna chombo cha setilaiti. Kiongozi alikuwa na karatasi yenye orodha ya ngwe, na mzee mmoja aliyekuwa na fimbo alikuwa na orodha hiyo kichwani. Walipotofautiana, karatasi iliangaliwa tena.

Kwenye ngwe moja plau ilikuwa imekula njia ya nyasi, kama hatua moja kwa urefu wa mita kumi au zaidi. Trela likasimama. Wote wakashuka. Mwenye ngwe hiyo alikuwa miongoni mwa wakaguzi. Hakusema kitu kwanza, akaenda akasimama pale plau ilipopotoka, akatazama mstari kuelekea kigingi cha mbali, akarudi akasema, "Ni kweli, imeingia." Ikaandikwa. Wakapanda trela, mazungumzo yakaendelea kuhusu bei ya ngano. Nimeshuhudia mivutano ya mipaka iliyohitaji polisi, na pale dakika tano zilitosha kwa sababu mwenye kosa, mwenye kuandika na mwenye kuathirika walikuwa wameegemea trela moja.

Sisemi kwamba Waingereza wana roho nzuri kuliko sisi. Mmoja aliniambia wazi kwamba koo fulani pale zimenuniana miaka mingi. Tofauti niliyoiona ni kwamba ukaguzi unafika kila mwaka, kosa likiwa bado changa. Hatua moja haipati nafasi ya kuwa hatua kumi.

Mchana wakaingia Dovecote Inn kula, kisha wakajifungia kujadili faini. Mimi nilibaki ukumbini na pai ya nyama ya ng'ombe, viazi na mchuzi mzito, pauni 15. Yule mzee wa fimbo alitoka mapema akaja kuketi nami. "Kwenu mnaweka nini mpakani?" aliuliza. Nikamweleza minyaa ya Dodoma na mikatani ya kwetu, na masale ya Kilimanjaro, ambayo Wachaga huyapanda mpakani na pia humpelekea mtu jani lake kumwomba msamaha. Hilo la msamaha alinitaka nilirudie. Akaniuliza masale yanastahimili baridi kali? Nikamwambia sidhani.

IJUMAA: Ngome, kanisa, na njia ya kwenda Kigali

Asubuhi nilipanda kwenye kichuguu cha ngome, kaskazini mwa kijiji. Yamebaki matuta ya udongo yenye nyasi na kondoo, lakini katika karne ya 12 hapa palikuwa makao ya walinzi wa msitu wa kifalme wa Sherwood, cheo kilichorithiwa katika ukoo wa de Caux na baadaye Everingham. Kanisani, St Michael, Waeveringham wamelala katika sanamu za mawe, na mwanamke mmoja wa ukoo huo amechongwa kwa mti wa mwaloni. Ubao wa karne ya 14 ambao mchwa hawakuula: sisi watu wa Pwani na Morogoro tunaujua uzito wa jambo hilo.

Nje kidogo ya kijiji kuna mahali ambapo sikutarajia Laxton iwe napo. Mwaka 1995 familia ya Smith, Wakristo wa eneo hili waliorudi kutoka ziara ya Israeli wakiwa wameguswa na walichokiona Yad Vashem, makumbusho ya Wayahudi hao yaliyoko Yerusalemu, waliigeuza nyumba ya shambani kuwa kituo cha kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi. Bustani yake ina mawaridi meupe, kila mche umepandwa kwa jina la mtu au ukoo. Novemba maua hayapo, yapo majina. Nilisoma mengi, nikashindwa kuyasoma yote.

Miaka mitano baadaye ndugu wa familia hiyo, Stephen na James Smith, walianzisha shirika la Aegis Trust kwa ajili ya kuzuia mauaji ya kimbari. Jiji la Kigali likawaomba washirikiane kujenga kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa Aprili 2004, miaka kumi baada ya mauaji, mahali walipozikwa watu zaidi ya laki mbili na nusu. Mimi Gisozi nimefika. Nilisimama kwenye makaburi yale ya zege na sikujua kwamba sehemu ya kazi ile ilianzia kwenye kijiji hiki cha wakulima. Mhudumu wa kujitolea aliponisikia nimetoka Tanzania na nimefika Gisozi, aliacha alichokuwa anafanya, akanitembeza mwenyewe, kisha akanirudisha kijijini kwa gari lake kwa kuwa giza lilikuwa linaingia.

Kwa atakayefuata: hakikisha saa za kufungua kabla ya kwenda, na usiunganishe mahali hapo na ratiba nyingine siku hiyo. Hutakuwa na moyo wa kitu kingine.

Jumamosi hadi Jumatano nilikuwa Nottingham kwa dada, nikila ugali na kujificha baridi.

ALHAMISI YA PILI: Baraza

Safari hii shemeji alinipeleka kwa gari, baada ya kusikia hadithi za wiki nzima mezani. Baraza, ambalo jina lake la kale ni Court Leet, hukaa ndani ya Dovecote Inn. Msimamizi, ambaye ni mwanasheria anayemwakilisha mwenye ardhi, huketi mezani na vitabu. Mpiga mbiu akaita kwa sauti wote wanaopaswa kuhudhuria. Majina yakasomwa; asiyekuja hutozwa faini ya senti chache, na senti hizo hukusanywa kweli. Kiongozi wa wakaguzi akasimama kutoa taarifa, na ile plau iliyokula njia ikatajwa mbele ya watu wote. Faini ilikuwa ya pauni chache. Mwenye kosa akalipa huku jirani zake wakimzomea kirafiki, na nilipomtazama uso niliona kwamba kilichomuuma ni kule kutajwa.

Kisha wakaapishwa wakaguzi wapya kwa ajili ya shamba litakalopandwa ngano mwaka unaofuata. Bado wanamteua na mkamata mifugo, mtu ambaye zamani aliwakamata wanyama waliopotea wakaingia mashamba ya watu, akawafungia kwenye zizi la kijiji mpaka mwenyewe alipe. Siku hizi kazi yake ni ndogo. Lakini shemeji aligeuka akanitazama, maana sote wawili ni watu wa Kilosa, na tunajua ng'ombe walioingia kwenye mahindi wamewagharimu nini wakulima na wafugaji wa kwetu.

Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imevipa vijiji baraza la ardhi la kusuluhisha migogoro. Kazi yake huanza pale wawili wanapokuwa wameshagombana. Nilichokiona Laxton kinaanza mapema zaidi, kwa miguu, kila mwaka, hata kama hakuna aliyelalamika. Picha za trela, vigingi na ramani ya Pierce nimezichapisha kubwa, na kikao cha wenyeviti wa vijiji tutakachofanya Kilosa kitaanza na hizo.

Mengine ya kujua kwa anayetaka kwenda. Baraza na ukaguzi ni shughuli za wenyewe, kwa hiyo andika kuomba ruhusa wiki kadhaa kabla. Ukienda mwisho wa Juni utakuta mnada wa nyasi za vijibonde visivyolimika, ambavyo havijawahi kuguswa na plau na kiangazi hujaa maua ya porini. Tembea kwenye njia za nyasi tu, usikanyage ngano. Baa huwa na siku za kufunga jikoni, beba mkate. Mtandao wa simu ni hafifu, pakua ramani kabla. Na gambuti utaazimwa, ila soksi nene nenda nazo.